Jinsi ya kuwa jemadari wa samurai na bado ukazeeka

Kwanza weka upanga pembeni. Najua huo ndio uliokuvutia, lakini Japani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, tangu Kyoto ilipoteketea katika Vita vya Onin vilivyoanza 1467 hadi ngome ya Osaka ilipoanguka 1615, iliwamaliza majemadari kwa njaa, kwa wakwe na kwa habari zilizochelewa. Mwongozo huu unafuata nyayo za mtu ninayemhusudu bila kificho: Kuroda Kanbei, mshauri wa vita wa Toyotomi Hideyoshi. Wengine hupenda wababe waliokufa vijana na bendera zao mgongoni. Mimi nampenda huyu aliyejua kufanya adui afungue lango mwenyewe.

Anza kwa kuchagua bwana, na uchague mapema. Kanbei alizaliwa 1546 huko Harima, akamtumikia bwana mdogo wa ukoo wa Kodera aliyebanwa katikati: magharibi ukoo wa Mori, mashariki Oda Nobunaga, bwana wa vita aliyekuwa akipanua himaya yake. Wazee wengi wa baraza walielemea kwa Mori. Kanbei akasema twende kwa Oda, na hiyo ilikuwa 1575, mwaka uleule ambao magobori ya Nobunaga, yakipigwa kutoka nyuma ya uzio wa miti, yaliwasambaratisha wapanda farasi wa ukoo wa Takeda pale Nagashino. Silaha hizo zilikuwa zimeingia nchini 1543 kwa mkono wa Wareno, kisiwani Tanegashima. Kwa hiyo unapopima bwana, usihesabu mababu zake. Angalia ana magobori mangapi, nani anamuuzia baruti, na kama barabara za wafanyabiashara zinapita kwake.

Ukishachagua, utatakiwa kumweka mwanao rehani. Hapa usibishe, kila mtu alifanya hivyo. Hata Tokugawa Ieyasu alikulia mikononi mwa ukoo wa Imagawa akiwa rehani. Kanbei alimtoa Shojumaru, mwanawe wa pekee wakati huo. Kisha, 1578, Araki Murashige akamwasi Nobunaga na kujifungia katika ngome yake ya Arioka. Kanbei akaenda peke yake kumsihi, naye Murashige akamtia kifungoni. Huku nje hakuna aliyejua. Nobunaga akaona mtu kaingia ngome ya mwasi na hatoki, akaamini amehama kambi, akaamuru mtoto auawe.

Mtoto aliokolewa na Takenaka Hanbei, mshauri mwenzake Kanbei. Kwa kawaida watu wawili wenye kazi moja chini ya bwana mmoja huchimbiana mashimo. Hanbei alimficha kijana na kuacha ijulikane kwamba amri imetekelezwa. Arioka ilipoanguka 1579, Kanbei akatolewa na mguu ulioharibika, ukweli ukajulikana, na kijana akarudi kwa baba yake. Hanbei alikuwa ameshakufa kwa maradhi kambini. Basi jitafutie mwenzako wa namna hiyo kabla hujamhitaji: mtu atakayethubutu kukaidi amri kwa ajili yako. Ukimpata, usishindane naye mbele ya bwana.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vita vyenyewe vilipo. Utajiri wa bwana ulipimwa kwa koku, kipimo cha mchele cha takriban lita 180, kilichohesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa mwaka. Askari wa miguu aliyeko vitani alikula zaidi, kama lita moja kwa siku. Watu 1,000 kwa siku 100 wanataka takriban koku 600, bado hujagusa chumvi, miso (kiungo cha soya iliyochachushwa), na chakula cha farasi. Usiwagawie mchele wa siku nyingi kwa mkupuo. Wapenda kinywaji wataugeuza pombe, na wiki ijayo watakuja kwako wakilia njaa. Waagize pia wasokote kamba za mabua ya magimbi yaliyochemshwa kwa miso. Njiani wanafungia mizigo. Jioni wanakata kipande, wanatia kwenye maji ya moto, na mchuzi umepatikana.

Ukitaka kuteka ngome, tumia hesabu hiyohiyo kinyume. Kabla ya kuizingira Tottori mwaka 1581, upande wa Hideyoshi, aliyekuwa jemadari wa Nobunaga, ulituma wafanyabiashara kununua mchele wa jimbo zima la Inaba kwa bei ya juu. Bei ilikuwa tamu kiasi kwamba hata ghala ya ngome ikauza akiba yake. Kisha wanavijiji wakafukuziwa ndani ili midomo iongezeke, na njia zikafungwa. Baada ya miezi michache watu walikuwa wanakula majani, farasi, na mwisho walichokula sitakieleza. Kamanda wao, Kikkawa Tsuneie, alijiua ili waliobaki waachiliwe. Walipopewa chakula, wengi walikula kwa pupa wakafa palepale. Ni mbinu ya kikatili, na sisemi uipende. Nasema ujue kwamba ikikukuta upande wa ndani, kosa lilifanyika siku ya kuuza mchele.

Siku ya mapigano yenyewe haina mengi. Unakaa kwenye kigoda cha kukunja nyuma ya mapazia yenye nembo, wajumbe wanakuja na kuondoka, ngoma na baragumu la kombe vinatoa amri, na bendera ndogo migongoni zinakuonyesha nani ni nani. Kanbei mwenyewe alibebwa kwenye machela kwa sababu ya mguu. Jioni unakagua vichwa vya maadui, vikiwa vimeoshwa na kuchanwa nywele, ili ujue nani alipwe nini. Jifunze na adabu za chai. Nobunaga aliwatunuku majemadari wake vyombo vya chai, na waliopewa walijiona wamepata zaidi ya shamba.

Kisha jifunze kutunza habari. Juni 1582 Hideyoshi na Kanbei walikuwa wameizingira ngome ya Takamatsu huko Bitchu kwa maji, baada ya kujenga tuta na kuuelekeza mto, ndipo ikafika taarifa kuwa Akechi Mitsuhide, mmoja wa majemadari wa Nobunaga, amemvamia bwana wake katika hekalu la Honno-ji, Kyoto, na Nobunaga hayupo tena. Waliificha. Walifanya suluhu na Mori haraka, kamanda wa ngome akajiua juu ya mashua mbele ya majeshi yote mawili, kisha jeshi likageuka na kukimbia takriban kilomita 200. Wiki mbili hazikuisha, Mitsuhide akawa ameshashindwa Yamazaki.

Inasimuliwa kwamba Kanbei ndiye aliyemwambia Hideyoshi, akiwa bado na machozi, kuwa sasa bahati yake imefunguka, na tangu hapo Hideyoshi akamtazama kwa jicho la tahadhari. Ikitokea bosi amegundua unaona mbali kuliko yeye, fanya kama Kanbei: mwachie mwanao uongozi, kama alivyofanya 1589, na baadaye unyoe kichwa, ujiite jina la kitawa. Ila usitumie akiba. Mwaka 1600, majeshi makubwa yalipokwenda Sekigahara kupigania nani aitawale Japani, mzee huyu mbahili alifungua hazina yake Nakatsu, akaajiri maelfu ya samurai wasio na bwana na wakulima, akaanza kuteka ngome za kisiwa cha Kyushu moja baada ya nyingine. Sekigahara ikaisha kwa siku moja, Ieyasu akashinda, na Kanbei akaambiwa asimame.

Alisimama. Mtoto yule aliyefichwa, sasa Kuroda Nagamasa, alikuwa amesaidia kumvuta Kobayakawa Hideaki, jemadari wa upande wa pili, ageuke upande wa Ieyasu katikati ya mapigano, na akatunukiwa jimbo la Chikuzen, lenye zaidi ya koku 500,000. Kanbei alikufa kwa maradhi 1604, wakati mwanawe akiendelea kujenga ngome ya Fukuoka.