Namna ya Kutafuta Chanzo cha Kumisi kwa Injini ya Turbo ya Subaru Impreza WRX

Injini ya turbo inapoanza kumisi (yaani silinda kukosa kuwaka) na kuendelea kumisi, wamiliki wengi hukimbilia duka la vipuri. Hununua plagi nne, baadaye koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche), baadaye sensa ya hewa, na mwisho wake fedha zimekwisha lakini gari bado linatetemeka. Mwongozo huu unahusu Impreza WRX na Forester za turbo zenye injini ya EJ20, magari ambayo yameingia Kenya na Tanzania kwa wingi yakiwa yameshatumika Japani, na ambayo mengi yamekwisha kupita katika mikono ya mafundi wengi kabla ya kumfikia mwenye nayo wa sasa. Hoja ninayoisimamia ni moja: kabla ya kuuliza ni kifaa gani kimeharibika, uliza injini inamisi katika hali gani. Swali hilo halina gharama, na likijibiwa vizuri huondoa zaidi ya nusu ya mambo ambayo ungeyakagua bure.

Kwanza, tahadhari. Silinda inapomisi, petroli iliyoingia humo hutoka bila kuungua na kwenda kuungulia ndani ya katalisti (kisafisha moshi kwenye njia ya ekzosi), ambayo hupata joto kupita kiasi na kuanza kumomonyoka. Taa ya injini kwenye dashibodi ikiwaka na kuzima mfululizo, maana yake ni kwamba kompyuta imeona kumisi kwa kiwango cha kuweza kuharibu katalisti, kwa hiyo acha kukanyaga mafuta na usiendelee na safari ndefu. Kwa Subaru jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa baadhi ya modeli, zikiwemo WRX za soko la Marekani za mwaka 2002 hadi 2005, zina katalisti ndogo iliyowekwa kabla ya turbo, na vipande vyake vikikatika huingia moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo. Gari linalomisi kwa wiki kadhaa linaweza kugeuza tatizo la koili moja kuwa tatizo la turbo nzima.

Kazi yenyewe huanza kwa kusoma misimbo ya hitilafu. Msimbo P0300 una maana ya kumisi kusiko na silinda maalumu, ilhali P0301 hadi P0304 hutaja silinda ya kwanza hadi ya nne. Katika injini hii yenye silinda zilizolala, silinda ya 1 na ya 3 ziko upande wa kulia wa gari ukiwa umeketi ndani ukitazama mbele, ya 2 na ya 4 ziko upande wa kushoto, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-2-4. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayazungumzi na vifaa vya kawaida vya bei nafuu, kwa sababu hutumia mfumo wa Subaru wenyewe unaoitwa SSM. Fundi akikuambia kwamba kompyuta ya gari imekufa kwa sababu kifaa chake hakikusoma kitu, usikubali kabla gari halijasomwa kwa kifaa kinachoujua mfumo huo. Andika misimbo yote uliyoiona, hata ile inayoonekana kutohusika, na usiifute bado.

Baada ya hapo endesha gari, au mwombe mtu aliendeshe ukiwa kando yake, na uandike hali ambayo kumisi kunatokea. Je, ni injini ikiwa baridi tu asubuhi? Ni gari likiwa limesimama linanguruma lenyewe? Au ni pale unapopanda mlima kwa gia ya tatu na turbo inaanza kusukuma hewa? Kumisi chini ya shinikizo la turbo mara nyingi ni tatizo la cheche au la petroli kutotosha. Kumisi gari likiwa limesimama, kunakopungua mizunguko inapopanda, huelekeza kwenye hewa inayovuja, valvu isiyofunga vizuri au kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) iliyoshuka. Kumisi kwa dakika chache baada ya kuwasha asubuhi, pamoja na moshi mweupe na maji ya rejeta yanayopungua, hunifanya nishuku gasketi ya silinda hedi kabla ya kitu kingine chochote.

Tuanze na cheche, kwa kuwa ndiko kunakopatikana majibu mengi katika injini za turbo. Cheche huruka kwa shida zaidi kadiri hewa iliyobanwa inavyozidi kuwa nzito, kwa hiyo koili iliyochoka inaweza kufanya kazi yake bila dosari gari likiwa limesimama, kisha ikashindwa kabisa mara turbo inapoongeza shinikizo. Ndiyo sababu kupima cheche nje ya silinda, kwa kuigusisha plagi kwenye chuma, hakuthibitishi chochote kuhusu hali ya injini ikiwa kazini. Nafasi ya plagi (pengo ambalo cheche huruka) kwa WRX isiyobadilishwa ni milimita 0.7 hadi 0.8. Plagi ikichakaa nafasi hupanuka, na milimita 1.0 ambayo gari lisilo na turbo lingeivumilia hutosha kuifanya injini hii imisi kila unapokanyaga. Ipime kwa filageji (bamba jembamba la kupimia nafasi), bila kuusukuma wala kuukandamiza mkia mwembamba wa katikati, kwa sababu ule wa platinamu au iridiamu huvunjika kwa urahisi. Nunua plagi kwa muuzaji unayemwamini, maana plagi bandia zinazofanana kabisa na halisi kwa sanduku na maandishi zinauzwa, na plagi bandia mpya inaweza kukupoteza njia kwa muda mrefu kuliko plagi halisi iliyochakaa.

Kuzifikia plagi kwenye injini hii kunahitaji subira. Upande wa kulia ondoa boksi la chujio la hewa, na upande wa kushoto ondoa betri pamoja na chupa ya maji ya kioo. Fanya kazi hiyo injini ikiwa baridi, kwa sababu hedi ni ya alumini na nyuzi zake huharibika kwa wepesi, na wakati wa kurudisha kaza kwa takribani nyutoni mita 21. Ukitoa koili, angalia kama imelowa oili. Mipira inayozuia oili kuingia kwenye visima vya plagi huzeeka, na oili ikifika kwenye mpira wa koili cheche hutafuta njia ya mkato kwenda kwenye chuma. Katika hali hiyo kubadilisha koili bila kubadilisha mipira hiyo na gasketi ya kifuniko cha valvu ni kununua tatizo lilelile kwa mara ya pili. Soma pia uso wa kila plagi: masizi meusi makavu yanaonyesha petroli nyingi mno, weupe mkali wenye vitone vidogo vinavyong'aa unaonyesha joto kupita kiasi na huenda pistoni inaliwa, na plagi iliyolowa petroli ni ya silinda isiyowaka.

Jaribio lenye thamani kubwa kuliko yote hapa ni la kuhamisha. Ikiwa msimbo ni P0303, chukua koili ya silinda ya 3 uiweke kwenye silinda ya 1, na ya 1 uiweke kwenye ya 3. Usiguse kitu kingine. Futa misimbo, endesha gari katika hali ileile iliyoleta kumisi, kisha soma tena. Msimbo ukihamia P0301, koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0303, hamisha plagi kwa utaratibu huohuo, na baada ya hapo nozeli inayonyunyizia petroli. Anayehamisha koili na plagi kwa pamoja ili kuokoa muda hubaki bila kujua ni kipi kilichohama na tatizo. Na usichomoe koili injini ikiwa inanguruma, jambo ambalo bado linafanyika katika gereji nyingi, kwani umeme wa koili una nguvu ya kukudhuru na petroli isiyoungua huendelea kumiminika kwenye katalisti.

Ikiwa silinda zote zinahusika kwa zamu, geukia hewa. WRX hupima hewa inayoingia kwa sensa iliyo karibu na boksi la chujio, na petroli hutolewa kulingana na kipimo hicho. Kwa hiyo ufa mmoja unaweza kuleta dalili mbili zinazopingana. Gari likiwa limesimama, hewa isiyopimwa hufyonzwa kupitia ufa na mchanganyiko unakuwa na petroli pungufu, lakini turbo ikisukuma, hewa iliyokwisha kupimwa hutoroka kupitia ufa huohuo na mchanganyiko unajaa petroli, ukitoa moshi mweusi na kumisi. Mtu asiyeujua mwenendo huu hubadilisha sensa nzima. Mahali pa kuangalia kwanza ni bomba la mpira linaloingia kwenye turbo, ambalo hupita chini ya manifoldi ya kuingizia hewa na hupasuka pasipoonekana kwa urahisi, kisha mipira ya intakula (kipoza hewa ya turbo) pale inapokutana na throto (mlango wa hewa ya injini), gasketi ya valvu inayorudisha hewa, na mipira midogo ya mvuke wa oili. Ziba mdomo wa bomba la turbo kwa kifuniko chenye nipeli, ingiza hewa ya kompresa polepole bila kuvuka shinikizo ambalo turbo yenyewe hutoa, na upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Macho pekee hayatoshi kwa kazi hii.

Kwa petroli, kifaa chako kitakusaidia kikionyesha marekebisho ambayo kompyuta inafanya. Ikiwa kompyuta inaongeza zaidi ya asilimia 10 gari likiwa limesimama, na nyongeza inashuka kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, hewa inavuja. Ikiwa nyongeza ni ndogo gari limesimama lakini inapanda kadiri mzigo unavyoongezeka, shuku pampu, chujio la petroli au sensa ya hewa iliyochafuka. Thibitisha kwa geji: shinikizo la petroli bila mvuto wa manifoldi huwa karibu bar 3 na linapaswa kupanda sambamba na la turbo, hivyo turbo ikitoa bar 1 utarajie karibu bar 4. Geji ikishuka unapokanyaga, usitafute zaidi.

Waya na sensa nitazitaja kwa ufupi tu: hakikisha chaji iko kati ya volti 13.5 na 14.5, nyaya za ardhi kwenye injini ni safi na zimekazwa, na soketi za koili hazijavunjika vishikizo, kwa kuwa mtetemo huzilegeza.

Koili, plagi, nozeli na hewa zikiwa salama na silinda ileile bado inamisi, pima kompresheni. Chomoa soketi za koili na za nozeli, toa plagi zote, fungua throto kabisa, na utumie betri yenye nguvu. Tofauti kati ya silinda ina maana kubwa kuliko namba yenyewe. Ikizidi asilimia 10 kuna jambo. Ile mbinu ya kumwaga oili kidogo ndani na kupima tena haina uhakika hapa, kwa sababu silinda zimelala na oili haizunguki ringi zote sawasawa. Afadhali kuingiza hewa kwenye silinda ikiwa valvu zote zimefungwa na kusikiliza inakotokea. Ikisikika kwenye ekzosi, valvu ya ekzosi imeungua au nafasi yake imebana. Ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi au pistoni imekwisha, na kwa injini za lita 2.5 za familia hiihii silinda ya 4 inajulikana kwa kuvunjika kingo za pistoni zinazoshika ringi. Rejeta ikitoa mapovu, gasketi imepasuka. Silinda mbili za upande mmoja zikishuka kwa pamoja, kagua mkanda wa taimingi kabla ya kufungua hedi, kwani jino moja lililoruka huleta dalili hizohizo.

Hapa ndipo suala la petroli ya kituoni linapoingia. Petroli ya daraja la juu ya Japani huwa na oktani 96 au zaidi kwa kanuni za huko, na WRX nyingi zilipangwa kwa petroli hiyo, ilhali petroli ya kawaida ya vituo vyetu huwa chini ya hapo. Oktani ndogo haileti kumisi moja kwa moja, ila huleta milio ya kugonga inayovunja kingo za pistoni. Mwenye gari ambalo fundi ameliongezea shinikizo la turbo bila kupanga upya kompyuta anapaswa kulirudisha kwenye kiwango cha kiwandani kabla ya kutafuta jambo lingine lolote.

Ukishatengeneza, futa misimbo na urudie barabara ileile, mzigo uleule na gia ileile iliyoleta kumisi. Kisha chomoa kijiti cha oili na ukinuse. Silinda isiyowaka huruhusu petroli kupita kwenye kuta zake na kushuka kwenye sampu, na oili iliyochanganyika na petroli hailindi tena beringi za krenki. Ikinuka petroli, badilisha oili na chujio lake siku hiyohiyo, hata kama kilomita za kubadilisha hazijafika.