Namna ya kusikiliza albamu za roki za zamani kwa 5.1 ya kweli ukiwa na sabufa ya kawaida

Watu wengi hapa Mwanza wana sabufa ya spika tano nyumbani lakini 5.1 yenyewe, yaani spika tano kila moja na sauti yake pamoja na ya sita ya besi, hawajawahi kuisikia. Spika zipo na zinalia zote, ila zinalia kitu kilekile, maana ukichomeka flashi au ukiunganisha simu kwa bluetooth sabufa inapokea chaneli mbili tu, kushoto na kulia, halafu inazirudia kwenye spika za nyuma. Hiyo ni sterio iliyotawanywa chumbani, basi. Albamu iliyomiksiwa upya kwa saraundi ni habari nyingine kabisa, unakuta gitaa liko nyuma ya bega, waitikiaji wako pembeni, ngoma mbele, kila spika imepewa kazi yake. Kwahiyo kazi kubwa ni kuhakikisha chaneli zote sita zinatoka kwenye diski mpaka zinafika kwenye spika bila kuishia njiani, mengine yote tutayaweka sawa taratibu.

Kwanza ujue inawezekanaje mziki wa mwaka 1969 ukatoka kwenye spika sita. Wale jamaa walikuwa wanarekodi kwenye tepu yenye njia nyingi, sauti ya mwimbaji njia yake, besi njia yake, kinanda njia yake, halafu mwishoni wanazichanganya kuwa sterio. Tepu zile za mwanzo zikiwa zimetunzwa, mtu anaweza kuzirudia na kuchanganya upya kwa mpangilio mwingine. Anayesifika sana kwa kazi hii ni Steven Wilson wa Uingereza, ameirudia In the Court of the Crimson King ya King Crimson, miksi yake ikatoka 2009, akaja Aqualung ya Jethro Tull 2011, Close to the Edge ya Yes 2013. Mimi namkubali sana kwa sababu haharibu, unasikia albamu ileile ila vyombo vimepata nafasi ya kupumua.

Sasa tuje kwenye diski, hapa ndo watu wanapotea. SACD, aina ya CD yenye ubora wa juu, achana nayo kama una deki ya kawaida, ikikubali kucheza itakupa sterio tu. DVD-Audio, yaani DVD ya mziki, ni tofauti, nyingi zina na sehemu ya DVD ya kawaida yenye Dolby Digital au DTS ya 5.1 (hizi ni njia mbili za kufungasha sauti ya saraundi kwenye diski), kwahiyo deki yako ya siku zote inaweza kuzisoma. Blu-ray inataka mashine yake, ila ukiwa nayo umemaliza, miksi nyingi za sasa zinatoka humo. Madukani kwetu diski hizi ni ngumu kuzipata, njia nzuri ni kumuagiza ndugu au jamaa anayetoka nje, na umtajie jina la toleo lenyewe, ukimwambia tu niletee Pink Floyd atakuletea CD.

Kuunganisha. Geuza sabufa yako uangalie mgongoni. Kama kuna matundu sita ya RCA yameandikwa FL, FR, SL, SR, CEN na SW, au pameandikwa AC-3 au 5.1, una bahati. Kama kuna matundu mawili tu, mekundu na meupe, hiyo sabufa ni ya sterio hata kama ina spika tano, na hakuna waya wala fundi atakayeibadilisha. Ukishapata ya matundu sita tafuta deki ambayo nayo ina matundu sita ya kutolea sauti, deki za zamani zile kubwa nyingi zilikuwa nayo na ukizunguka kwa mafundi wa redio unaweza kuipata used. Waya tatu za RCA za pea zinatosha, unaunganisha FL kwa FL, SL kwa SL, hivyohivyo mpaka mwisho. Halafu (hili wengi wanaliruka) ingia kwenye setting ya sauti ya deki uzime DOWNMIX na uchague 5.1, la sivyo deki inakuchanganyia zote kuwa mbili kabla hata hazijatoka. Na kwenye sabufa yenyewe bonyeza rimoti mpaka ikae kwenye ile input ya 5.1, siyo AUX.

Hakikisha pia deki inasoma DTS. Kuna deki za bei nafuu zinasoma Dolby tu, ukiweka DTS picha inaonekana lakini kimya, wala usifikiri diski ni mbovu, rudi kwenye menyu ya diski uchague Dolby Digital kama ipo.

Wenye kompyuta ya mezani mna njia nyepesi zaidi. Nyuma ya kompyuta nyingi kuna matundu ya rangi, kijani ni spika za mbele, nyeusi za nyuma, rangi ya chungwa ni ya katikati na besi. Chukua waya wa pini ndogo kwenda RCA mbili, mara tatu, unganisha, nenda kwenye setting ya sauti chagua 5.1 halafu ufanye ile test inayoliza spika moja moja. Ukisikia mwimbaji anatoka kwenye sabufa na besi inakoroma kwenye kale kaspika ka katikati, badilisha zile waya mbili za tundu la chungwa tu, zimepishana. Mafaili ya mziki ya FLAC yanabeba chaneli sita bila shida na programu ya VLC inayacheza. Wenye risiva kubwa ya saraundi (amplifaya ya spika nyingi, siyo king'amuzi) na HDMI hamna haja ya maneno mengi, waya mmoja unamaliza, ila zimeni ile mode inayoliza kila spika sawa.

Haya, chumba. Nyumba zetu nyingi, hasa za kule Igogo na Mabatini zilizopanda juu ya mawe, vyumba ni vidogo, kumi kwa kumi, sakafu ya sementi na bati juu bila dari. Udogo siyo tatizo kabisa. Chukua kamba, iwe na mita moja na nusu au zaidi kidogo kama nafasi ipo, shika upande mmoja unapokaa na upande wa pili upime kila spika, zote tano ziwe umbali sawa na kichwa chako. Spika mbili za mbele zitengane kwa urefu uleule wa kamba, yaani wewe na wao mnafanya pembetatu ya pande sawa, ya katikati ikae kati yao. Za nyuma usiziweke ukutani kabisa nyuma yako kama watu wanavyopenda kuzipigilia juu kwenye kona, ziweke pembeni, zimepita mabega kidogo kurudi nyuma, usawa wa masikio au juu kidogo. Hapa ndipo utofauti wote unapotokea. Spika ya nyuma ikiwa juu karibu na bati unachosikia ni mwangwi, huwezi kujua chombo kiko wapi.

Mwangwi wenyewe upunguze. Piga kofi moja katikati ya chumba usikilize, kama kuna mlio wa tiing unaobaki, tandika mkeka au zulia, funga pazia zito, weka kochi la kitambaa. Sabufa ukiiweka kwenye kona besi inaongezeka sana, ila kama ukuta huo ndo unapakana na mpangaji mwenzako itoe hapo, iweke mbele karibu na spika za mbele uipunguze, mziki huu hauhitaji besi ya kutikisa vikombe. Na mvua za masika zikianza kupiga bati ahirisha tu, sehemu za taratibu hutazisikia.

Kabla ya kukaa kusikiliza sawazisha sauti za spika. Rimoti nyingi zina vibonyezo vya kupandisha nyuma, katikati na besi kila moja peke yake, tumia ile test, na simu yenye programu ya kupima kelele ukiishika pale unapokaa, spika zote zisome karibu sawa. Angalia na waya, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, spika moja ikigeuzwa besi inakonda na sauti zinakuwa kama hazina makao.

Sasa cha kuanza nacho. Mi ningeanza na The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, 1973. Hawa walikuwa wanawaza mambo ya sauti kuzunguka tangu Mei 1967, walipopiga Queen Elizabeth Hall kule London wakiwa na mtambo maalum wa kupeleka sauti pande zote za ukumbi. Zile saa zinazolia mwanzoni mwa Time zilirekodiwa na injinia Alan Parsons kwa ajili ya kuonyesha mfumo wa spika nne, ndo maana kwenye sterio ni kelele nzuri tu lakini kwenye saraundi unakuwa umekaa katikati ya saa. Boksi la Immersion la 2011 lina DVD yenye miksi ya spika nne ya Parsons na ile 5.1 ya James Guthrie iliyotoka kwanza 2003, sikiliza zote mbili, kulinganisha ndo kunafundisha sikio.

Ya pili ni A Night at the Opera ya Queen, 1975, miksi yake ya 5.1 ilitoka 2002. Freddie Mercury alizaliwa Unguja 1946, ni wa kwetu, na kwenye Bohemian Rhapsody ile kwaya yote ni yeye, Brian May na Roger Taylor wamejirekodi juu kwa juu. Kwenye spika sita unaanza kuzisikia tabaka moja moja. Fanya hivi, sikiliza mara ya kwanza kawaida, mara ya pili geuza kiti uangalie spika za nyuma, utasikia vitu ambavyo umevipita miaka yote.

Kama huna nafasi ya spika kabisa, Apple Music ina Dolby Atmos, mfumo mpya wa saraundi, tangu 2021 na inafanya kazi hata kwa hedifoni za kawaida. Inatumia kama 768 kbps, kwahiyo albamu ya dakika 43 itakula karibu MB 250 za bando, pakua kabisa ukiwa na waifai. Ni nzuri, ila spika zinashinda, hedifoni inakuzungushia sauti kwa hesabu tu na mbele hapasikiki vizuri kama mbele. Ukipenda ulichosikia humo, nenda kwenye Abbey Road ya Beatles, toleo la 2019 alilolimiksi Giles Martin, boksi lake lina Blu-ray yenye Atmos na 5.1 pamoja, kwahiyo siku ukipata mashine na risiva unakuwa na cha kuanzia tayari.