Kabla hujawapandisha watoto kwenye kruzi: anza na aliye mdogo

Kosa letu sisi lilikuwa la mapema kabisa, tulichagua meli kwa kuangalia inaenda wapi. Tuko Houston, bandari ya Galveston ni saa moja na kitu kwa gari, na kila likizo tunaona wenzetu wanaposti picha wamevaa makofia makubwa juu ya meli za kitalii, tukasema basi na sisi twende, Cozumel kule Mexico, siku tano, watoto waone bahari. Tukalipa. Baadaye ndo nikakaa na chai yangu nikaanza kusoma masharti, nikagundua binti yetu mdogo, miaka miwili na nusu, haruhusiwi karibu kila kitu nilichokuwa nimeshakipigia picha kichwani. Kwa hiyo naongea na mzazi ambaye hajalipa bado: anza na umri wa mtoto wako wa mwisho, halafu utafute meli inayomfaa, bandari iwe ya mwisho kabisa kuangaliwa.

Kampuni nyingi hazimpokei mtoto wa chini ya miezi 6, na zile safari ndefu zenye siku tatu au zaidi mfululizo bila kuona nchi kavu wanataka awe ametimiza miezi 12, na umri unahesabiwa siku ya kuondoka, siyo siku uliyolipia. Wako sahihi, mtoto mchanga akizidiwa katikati ya maji hakuna hospitali ya kumkimbiza. Mpaka unaofuata ni miaka 3 pamoja na habari ya choo. Klabu ya watoto, ile sehemu unamwacha anacheza na wenzake wewe ukapumue kidogo, kwenye kampuni nyingi inaanzia miaka 3 na awe ameacha pampasi. Carnival wao wanaanzia miaka 2, na Disney na Royal Caribbean wana nasari ya kulipia kwa saa kwa wadogo zaidi, ila kwa Royal Caribbean siyo kila meli, uliza meli yako yenyewe kwa jina lake. Sisi hatukuuliza. Kaka mtu wa miaka mitano aliingia klabuni siku ya kwanza akatusahau, mdogo wake akabaki mikononi mwetu siku zote tano.

Na bwawa la kuogelea, hili ndo liliniuma. Kwa taratibu za afya za Marekani mtoto anayevaa pampasi haingii kwenye bwawa la meli, hata zile pampasi maalum za kuogelea hazisaidii, labda meli iwe na kibwawa kilichotengwa kwa watoto wachanga. Tumemvisha nguo mpya ya kuogelea yenye vidagaa, katembea mwenyewe mpaka ukingoni, kachuchumaa anataka kugusa maji, mlinzi akaja akanionyesha kwa kidole makalio ya mtoto bila kusema neno. Kilio kile kilisikika deki mbili. Bahati bibi yao alikuwa amebeba beseni la plastiki la kukunja, bafu za vyumba vingi vya meli zina shawa tu hazina sinki la kuogea, basi binti akawa anaogelea kwenye beseni. Nunueni hilo beseni jamani, ni dola chache.

Sasa makaratasi, na hapa naomba usome polepole maana wengi wetu huku familia moja ina watu wa hali nne tofauti. Safari inayoanza na kuishia bandari ileile ya Marekani, raia wa Marekani anaweza kwenda na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha picha, na mtoto wa chini ya miaka 16 cheti cha kuzaliwa peke yake kinatosha, hata kopi. Lakini mimi ningewakatia watoto pasipoti tu, kwa sababu meli ikikuacha Mexico au mtoto akilazwa kule, huwezi kumpandisha ndege ya kurudi kwa cheti cha kuzaliwa. Mwenye grini kadi abebe kadi yenyewe, siyo picha kwenye simu, pamoja na pasipoti yake ya Tanzania au Kenya au kokote ambayo haijaisha muda. Mgeni aliyekuja kutembea kama mama mkwe wangu, angalia kwanza visa yake inamruhusu kuingia mara ngapi, kama ni mara moja tu basi meli ikifika Cozumel anaweza kukwama kurudi. Na wewe ambaye kesi yako bado iko kwenye foleni, umeomba grini kadi au hifadhi na hujapata, usidanganywe na mtu anayekwambia meli inazunguka tu na kurudi. Ukifika bandari ya nchi nyingine umetoka Marekani, na kutoka bila kibali cha kusafiri kunaweza kuua maombi yako yote. Ongea na wakili kabla ya kuongea na wakala wa meli. Mzazi anayesafiri na watoto peke yake abebe barua ya mwenzake ya kukubali, imepigwa muhuri wa nothari, yaani mthibitishaji wa nyaraka, na kama jina lako la ukoo na la mtoto hayafanani, kama ilivyo kwetu wengi, beba na cheti cha kuzaliwa hata kama pasipoti ipo.

Hela nitapita haraka. Mtoto mchanga naye anahesabiwa kama abiria, analipiwa kodi za bandari, na idadi ya watu kwenye chumba kimoja ina kikomo kwa sababu ya nafasi za boti za kuokolea, kwa hiyo familia ya watu watano huenda mkalazimika kuchukua vyumba viwili. Kuna bakshishi ya wafanyakazi inayokatwa kila siku, dola 16 mpaka 20 hivi kwa kila mtu, watu wanne siku tano kwa dola 16 tayari ni 320, na bei ile ya tangazo mara nyingi haijaigusa hiyo.

Chumba, usihangaike na roshani kama una mtoto anayepanda panda. Tulichukua chumba cha ndani kisicho na dirisha kwa sababu ya bei, kumbe ndo neema yenyewe, ukizima taa ni giza la kaburi na watoto walilala mpaka saa tatu asubuhi, kitu ambacho nyumbani sijakiona tangu wazaliwe. Omba kitanda cha mtoto wakati wa kubuku, kwa kawaida hawalipishi ila vinaisha. Cha kuwaandalia watoto kisaikolojia ni choo. Vyoo vya meli vinavuta kwa hewa kama vya ndege, ukibonyeza kinanguruma mara moja kama simba halafu kimya, na binti yetu ambaye nyumbani alikuwa ameanza kukaa chooni vizuri alisikia ule mngurumo mara moja tu akagoma kabisa, akarudi kwenye pampasi mchana na usiku. Dawa yake tuliipata siku ya tatu, unamnyanyua kwanza, unamtoa nje, unafunga mlango wa bafu, halafu mtu mzima ndo anabonyeza. Kwenye mlango huohuo wa bafu kuna kizingiti kilichonyanyuka, mtoto anayekimbia anajikwaa, na mlango wa chumba wenyewe ni mzito unajifunga kwa nguvu, vidole vichungwe.

Mizigo mikubwa unaikabidhi kwa wapagazi bandarini na inakufikia chumbani jioni, saa nyingine watu mmeshakula. Kwa hiyo begi la mkononi liwe na kila kitu cha saa nane za mwanzo: makaratasi, dawa, pampasi, nguo za kubadilisha, nguo za kuogelea, maziwa ya kopo. Maziwa ya kopo na pampasi beba za safari nzima na uongeze za siku mbili, maana duka la meli huenda lisiwe nazo au liwe na saizi moja tu kwa bei ya dhahabu, na Galveston wakati wa baridi ukungu ukishuka mlangoni mwa bandari meli zinasubiri huko nje zisiingie, watu wanachelewa kushuka. Kuanzia Juni mpaka Novemba mwisho ni msimu wa vimbunga, nao una mambo yake.

Vyakula vya kupika nyumbani haviruhusiwi. Mama mkwe alikesha anakaanga maandazi, kayapanga kwenye kontena na taulo juu, yalifika kwenye mashine ya ukaguzi yakaishia hapo, yule kaka wa ukaguzi alikuwa mpole lakini yaliingia kwenye pipa mbele ya macho yake na ile siku nzima hakuongea na mtu. Vya dukani vilivyofungwa na kiwanda vinaingia. Birika la umeme, pasi, na ekstensheni zile zenye kinga ya umeme wanachukua pia, kwa hiyo uji wa kujikorogea sahau, omba jikoni maji ya moto na uji wao wa oti. Ndugu zangu Waislamu, habari ya halali iulizeni wiki kadhaa kabla kwa maandishi, na kwenye bufee msimwamini mtoto na kijiko, kijiko cha bekoni na cha mayai vinabadilishana majirani kila dakika.

Afya sasa. Ghuba ya Mexico ikipigwa na upepo wa kaskazini wa Desemba inatikisa, tena vizuri tu, wale mliowahi kupanda boti ya Dar kwenda Zanzibar wakati wa kusi mnaijua ile sura ya watu kushika mifuko. Chumba cha katikati ya meli na deki za chini ndo kinayumba kidogo. Dawa za kichefuchefu cha safari za watoto kwa kawaida zinaanzia miaka 2, muulize daktari wao kipimo kabla, na zile plasta za kubandika nyuma ya sikio ni za watu wazima, usimbandike mtoto. Ugonjwa unaoogopwa melini ni virusi vya norovirus vya kutapika na kuhara, na ile jeli ya mikono haviiogopi sana, maji na sabuni ndo mwenyewe, kabla ya kila kula. Daktari yupo ila analipwa papo hapo kwenye bili ya chumba, na Medicaid, ile bima ya serikali ya Marekani kwa wenye kipato kidogo, haitavuka mpaka na wewe, kwa hiyo bima ya safari yenye kulipia kusafirishwa kwa dharura siyo anasa.

Kuna zoezi la usalama kabla meli haijaondoka, na watu huwa wanalichukulia kama usumbufu. Siku hizi kwenye meli nyingi unaangalia video kwenye simu halafu unaenda kituo chenu kujionyesha, basi, na watoto wanavishwa utepe mkononi wenye alama ya kituo. Sheria ya kulifanya kabla au mara tu meli inapoondoka ilikazwa baada ya Costa Concordia kupinduka pale Giglio, Italia, Januari 2012, watu 32 wakafa, na wapo waliokuwa wamepanda siku hiyohiyo hawajafanya zoezi. Sisi tulikuwa tumeshajipanga kuelekea bufee. Mama mkwe, mtu wa Mwanza, ambaye Mei 21, 1996 alikuwa ufukweni watu wanasubiri habari za MV Bukoba, ile meli iliyozama Ziwa Victoria, aligoma kugusa sahani. Akamuuliza mhudumu, kwa Kiswahili chake, maboya ya watoto yako wapi. Mimi nikatafsiri huku naona aibu kidogo. Kumbe kwenye kituo chetu walikuwa na ya saizi ya mtoto wa miaka mitano lakini la mdogo halikuwepo, si hapo wala chumbani, ikabidi liletwe, lililetwa baada ya saa moja. Kama siyo yeye tungelala bila. Uliza na hili: kengele ikilia mtoto akiwa klabuni, wewe unamfuata au wao wanamleta kituoni kwenu? Pata jibu kabla hujamwacha.

Mkishuka bandarini, saa ya meli ndo saa, siyo ya simu. Cozumel wakati wa baridi iko mbele ya Galveston kwa saa moja, hiyo haidhuru, utawahi tu. Balaa ni Belize na Roatán kule Honduras wakati wa kiangazi, wao hawasogezi saa, kwa hiyo kama meli imebaki na saa ya Galveston simu itakwambia saa nane wakati kule melini ni saa tisa. Mvalishe mtu mmoja saa ya mshale na msiiguse. Belize City pia meli haifiki gatini, mnashushwa kwa boti ndogo, kigari cha mtoto kiwe kile chepesi cha kukunja. Teksi za huko usitegemee zina kiti cha mtoto, sisi Cozumel tulitembea kwa miguu tu ufukwe wa karibu.

Simu iwekeni ile alama ya ndege kabla ya kutoka bandarini, mtandao wa katikati ya bahari unakata hela ukiwa umelala.

Na usiku wa mwisho, mabegi yanatolewa nje ya mlango kabla hamjalala, yanachukuliwa, mnayakuta chini asubuhi. Toa kwanza nguo za kesho. Baba watoto alifunga kila kitu kwa bidii sana, kila kitu, na asubuhi binti alitembea kwenye ule mlango wa uhamiaji wa Galveston kavaa pajama za dinosaria, na kanga ya bibi yake imefungwa shingoni, afisa akamuuliza kama alifurahi akamjibu kwamba choo kinanguruma.