Namna ya Kulizoea Neno "Get" la Kiingereza

Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kuingia sekondari, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, hukutana na neno "get" mapema sana, na kwa kawaida huambiwa kwamba maana yake ni kupata. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayamfikishi mbali, kwa kuwa kabla wiki haijaisha atasikia "get up", "get ready" na "get to class", na katika hayo yote hakuna anayepata kitu. Tatizo hilohilo humkuta mwongoza watalii wa Ruaha, dereva wa lori anayevuka mpaka wa Tunduma, na mkulima wa parachichi wa Rungwe au Njombe anayeandikiana na mnunuzi wa nje. Kwa watu wa aina hiyo, ambao ninakutana nao sana huku Mbeya, ushauri wangu mkuu ni mmoja: usihangaike kukariri maana za "get", bali tazama neno linaloifuata, kwa sababu hilo ndilo linaloamua maana.

Likifuatwa na nomino, maana ni kupata, kupokea au kununua, kama katika "I got a letter" au "She got a job in Iringa". Zikija nomino mbili, ya kwanza ikiwa mtu, maana ni kumletea: "Get me a chair" ni sawa na kusema niletee kiti. Sehemu hii ni rahisi, ila ina mtego mmoja, nao ni kwamba "pata" ya Kiswahili ni pana kwa namna yake na haifuatani na "get" kila mahali. Sisi hupata ajali, lakini kwa Kiingereza sanifu husemwa "have an accident". Mfanyabiashara wa Mwanjelwa aliyepata hasara atasema "I made a loss", na familia iliyopata mtoto itasema "We had a baby". Kila unapotaka kutafsiri "pata", jiulize kwanza kama Waingereza nao hulipata jambo hilo au wana kitenzi kingine.

Likifuatwa na kivumishi, maana ni kuingia katika hali fulani, na hapa ndipo panapohitaji subira zaidi. Kiingereza hutumia maneno mawili mahali ambapo Kiswahili kina kitenzi kimoja kilichokamilika: "get tired" ni kuchoka, "get wet" ni kulowa, "get angry" ni kukasirika, "get lost" ni kupotea, "get drunk" ni kulewa, na "get used to" ni kuzoea. Ukiwa na orodha ya vitenzi vyetu vya namna hii umeshapata sehemu kubwa ya matumizi ya "get" bila kukariri kitu kipya.

Hata hivyo, wengi huteleza kwenye njeo. Tunaposema "nimechoka" tunaeleza hali iliyopo sasa, na tafsiri yake ni "I am tired", wala si "I get tired". "Get" hueleza mwendo wa kuingia katika hali hiyo: "ninaanza kuchoka" ni "I am getting tired", na "nilichoka" yaweza kuwa "I got tired". Mgeni aliyehamia Makambako atasema "I am getting used to the cold" wakati bado anajifunza kuvaa sweta mbili mwezi Julai, na atasema "I am used to the cold" akishazoea.

Tofauti hiyo ina uzito hata kwenye biashara. Parachichi huchumwa likiwa limekomaa lakini bado gumu, na huiva baada ya kuchumwa. Mkulima akimwandikia mnunuzi "The avocados are getting ripe", mnunuzi ataelewa kwamba yameanza kulainika na kwamba bado kuna muda kidogo wa kuyasafirisha. Akiandika "The avocados are ripe", ataelewa kwamba yako tayari kuliwa leo na hayafai tena kwa safari ndefu. Mambo hayo mawili ni tofauti kabisa kwa mtu anayepanga gari la baridi, nayo yote yanategemea neno moja dogo.

Likifuatwa na mahali, maana ni kufika. "How do I get to Matema?" ni swali la mgeni anayetaka kujua njia ya kufika ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na "We got to Mafinga at noon" ni kusema kwamba walifika Mafinga saa sita mchana. Kumbuka kwamba "home", "here" na "there" havihitaji "to", hivyo sema "I got home late".

Likifuatwa na umbo la tatu la kitenzi, kama "paid" au "hurt", kazi yake hukaribia kauli yetu ya kutendwa: "get paid" ni kulipwa, na "get hurt" ni kuumia au kuumizwa. Katika ndoa Kiingereza hakitofautishi kuoa na kuolewa, kwa maana wote wawili "get married". Ukiingiza kitu katikati, unapata maana ya kufanyiwa kazi na mtu mwingine: "I got the car repaired" ni kusema kwamba uliipeleka gari kwa fundi ikatengenezwa. Ukiweka mtu kisha "to" na kitenzi, maana ni kumshawishi: "She got him to sign" maana yake ni kwamba alimfanya akasaini. "Get to" peke yake kabla ya kitenzi ni kupata nafasi ya kufanya jambo, na mwongoza watalii atalihitaji sana: "You may get to see wild dogs".

Kuna pia vijineno vinavyobadili maana moja kwa moja. "Get up" ni kuamka au kusimama, "get over" ni kupona au kusahau machungu, "get along" ni kuelewana, na "get rid of" ni kuondokana na kitu. Kwenye usafiri, chombo ambacho abiria hutembea ndani yake akiwa wima, kama basi au treni ya TAZARA, huchukua "get on" na "get off", na ndivyo ilivyo kwa bodaboda na baiskeli kwa sababu hukaliwa kwa juu. Gari dogo huchukua "get in" na "get out of". Wengi wetu husema "get down" kwa kushuka kwenye basi, na ingawa tunaelewana, Mwingereza angesema "get off".

"I have got a car" ni sawa na "I have a car", na "I have got to go" ni kusema lazima niende. Mmarekani akisema "gotten", hajakosea: hilo ndilo umbo la tatu lililobaki katika Kiingereza cha kwao, wakati Waingereza wengi hutumia "got".

Asili ya neno hili ni lugha ya kale ya Skandinavia, iliyofika Uingereza na walowezi kuanzia karne ya 9. Maneno kama "receive", "obtain" na "arrive" yaliingia kwa njia ya Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066 na Kifaransa kuwa lugha ya watawala. Mpaka leo "get" ni neno la mazungumzo, na yale mengine yana sura ya ofisini. Kwa hiyo sema "I got your message" kwenye simu, lakini katika barua ya maombi ya kazi, insha ya mtihani au mkataba wa mauzo andika "I received your letter". Mazoezi mazuri ni kuchukua kila sentensi yenye "get" unayoisikia, kupigia mstari neno linalofuata, kisha kuiandika kwa Kiswahili bila kutumia "pata". Ile itakayokushinda ipeleke kwa mwalimu wako.