Jinsi ya kuandika simulizi ya kusisimua kuhusu uhalisia pepe na kumbukumbu zilizopotea

Simulizi nyingi za mtu aliyepoteza kumbukumbu hufia sehemu ya tatu. Mhusika anaamka hospitali, hajui jina lake, na msomaji amekaa mkao wa kula. Sehemu ya pili anauliza maswali. Ya tatu mwandishi anabaini kwamba mtu asiyejua lolote hana pa kwenda, basi anamleta mjomba wa kumsimulia kila kitu, na taharuki inaishia hapo. Ukimvisha na miwani ya VR, yaani ya uhalisia pepe, inayomwonyesha ulimwengu uliotengenezwa kwa kompyuta, balaa linakuwa mara mbili, maana sasa hata anachokiona hakiaminiki.

Njia ninayoitumia naianzia upande wa pili. Kabla sijaamua mhusika amesahau nini, naamua nini kimebaki. Tujenge mfano mmoja pamoja. Mwanamke wa miaka 34 anaamka kwenye kliniki ya binafsi Arusha. Faili linasema anaitwa Neema, amezaliwa na kukulia Dodoma, alipata ajali ya gari, na pwani hajawahi kuishi. Kila siku anavalishwa miwani na kupelekwa kwenye nyumba ya utoto wake, eti ili kumbukumbu zirudi.

Hatua ya 1: Andika orodha ya vilivyobaki

Tumia karatasi, kompyuta iache kwanza. Na kabla hujaandika chochote, achana na ile ya kwenye filamu zetu: anapigwa nyundo ya kichwa, anasahau hadi mama yake, anapigwa ya pili, anakumbuka. Aliyeumia kichwa kwa kawaida hupoteza kipindi cha karibu na ajali, au hushindwa kushika mambo mapya. Kusahau jina lako mwenyewe kwa sababu ya jeraha ni nadra.

Kisa cha kusoma ni cha Henry Molaison. Mwaka 1953 huko Hartford, Marekani, akiwa na miaka 27, alipasuliwa ubongo ili kutibu kifafa. Daktari William Scoville aliondoa sehemu za ndani pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kutunza kumbukumbu. Kifafa kilipungua, ila tangu hapo Molaison hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Ukizungumza naye, ukatoka, ukarudi baada ya muda, mnaanza kujuana upya. Mtafiti Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota kwa kufuata mistari huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Mwanzoni mkono ulitangatanga. Siku ya tatu ukachora vizuri, na bado mwenyewe alisema kazi hiyo hajawahi kuifanya.

Mkono unajua, mwenye mkono hajui. Hapo ndipo injini ya simulizi yako ilipo.

Sasa Neema. Wengi hapa wangempa ujuzi wa kupigana au kulenga bastola, hiyo imeshachoka. Mimi nampa kusuka ukili. Amekaa kitandani, anachana bandeji vipande vyembamba bila kufikiri, na nesi akirudi anakuta utepe uliosukwa, kingo zimenyooka, umefika sakafuni. Kusuka hivyo mtu hujifunza akiwa mdogo, amekaa chini karibu na mama au bibi, akipigwa kikofi kila anapolegeza. Kwa hiyo ujuzi huo una anwani: kuna uani fulani wa pwani, kuna bibi fulani, na faili la kliniki halimtaji. Mtu wa kubisha atasema ukindu unasukwa hata bara. Ni kweli, na ndiyo maana utahitaji dalili ya pili.

Jaza vitu vitatu au vinne vya aina hiyo: jinsi anavyoosha wali, wimbo anaoumalizia bila kujua ulianzia wapi, upande anaolalia. Vyote viwe vya mwili.

Hatua ya 2: Ijue miwani yako, hasa isichokiweza

Msomaji wa leo ameshaona miwani hii, hata kama ni kwenye simu tu, kwa hiyo usiieleze kama uchawi. Mwanasayansi wa kompyuta Ivan Sutherland alikuwa na kifaa cha kuvaa kichwani tangu 1968. Kilikuwa kizito hadi kikabidi kining'inizwe darini, na kilichoonekana ndani ni michoro ya mistari mitupu. Nyingi za sasa zinachora picha 72 hadi 120 kwa sekunde kutegemea kifaa. Ukigeuza kichwa na picha ikachelewa zaidi ya milisekunde 20 hivi, mwili unashtuka. Macho yanasema tunatembea, sikio la ndani linasema tumekaa, na tumbo ndilo linalolipa. Kichefuchefu kiwepo kwenye simulizi yako, hasa siku za mwanzo.

Kisha orodhesha visivyowezekana. Miwani ya kawaida haina harufu. Haina uzito wa ndoo wala joto la jiko. Haizuii sauti zote za nje: umeme ukikatika Arusha, jenereta la kliniki linanguruma katikati ya kijiji cha utotoni ambacho hakijawahi kuwa na umeme. Tukio hilo peke yake ni sura nzima.

Dalili ninayoipenda zaidi ni kivuli. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, jua la adhuhuri linaegemea kaskazini, na vivuli vinaangukia kusini. Aliyeitengeneza nyumba ya Neema kwenye kompyuta amekulia mbali huko kaskazini mwa dunia, ambako kivuli cha adhuhuri huangukia kaskazini mwaka mzima, na wala hakufikiri mara mbili. Uani, watu wanapura mtama, ni wakati wa mavuno. Ng'ambo ya ua kuna msikiti mdogo, mihrabu yake imetokeza nje kuelekea kaskazini, kwani kwa Tanzania kibla kiko huko. Na kivuli cha Neema kinaangukia upande wa mihrabu. Hajui kwa nini anasikia vibaya. Mwili wake umesali adhuhuri za Juni miaka na miaka, jua likiwa mbele na kivuli nyuma. Sasa una dalili ya pili, na imekuja na ya tatu juu yake: huyu aliyeandikwa Neema huenda jina lake ni jingine kabisa.

Hatua ya 3: Ruka mara moja tu

Bunilizi ya kisayansi inaruhusiwa kuvuka mpaka wa kinachojulikana. Ivuke mara moja, kwa kishindo, halafu utulie. Ukivuka mara tano msomaji anaacha kuogopa, kwa sababu lolote linaweza kutokea.

Pa kurukia nakupa. Ndani ya hipokampasi kuna seli zinazowaka mnyama akiwa mahali fulani. Mtafiti John O'Keefe aliziripoti mwaka 1971, na mwaka 2014 alishiriki Tuzo ya Nobeli na May-Britt na Edvard Moser kwa kazi ya ramani ya ndani ya ubongo. Mwaka huohuo wa 2014, kundi la mtafiti Mayank Mehta wa Chuo Kikuu cha California (UCLA), Los Angeles, lilitangaza kwamba panya wakitembezwa kwenye ulimwengu wa uhalisia pepe, takriban asilimia 60 ya seli walizozichunguza kwenye hipokampasi zilizimika, na zilizobaki hazikuchora ramani kama kawaida.

Hao ni panya. Ruka sasa: sema kwamba kwa Neema, kumbukumbu zilizoingizwa kwa miwani hazina ramani. Anakumbuka kila chumba cha nyumba ile, rangi ya ukuta, ufa wa kizingiti. Mpe penseli achore nyumba. Hajui jiko limepakana na nini. Nesi, ambaye ndiye mtu pekee mwema pale, anamwambia, "Dada, hebu anza mlangoni, ingia, kata kushoto, unakuta nini?" Neema anakaa na penseli hewani mpaka karatasi inalowa jasho la kiganja. Humo ndani ya kichwa chake vyumba vipo, njia hakuna.

Sasa ana kipimo chake mwenyewe. Kila kumbukumbu anaipima kwa kuichora: inayochoreka ni yake.

Hatua ya 4: Adui asipige, aulize

Mhalifu wa simulizi hii avae koti jeupe na awe mpole hadi akere. Silaha yake ni maswali. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza mwendo wa magari. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, kama vile magari *yalipopondana*, walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa *yalipogongana*, na wiki moja baadaye wengi zaidi kati yao wakasema waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo.

Andika hivi:

"Pole pole tu, dada Neema. Lile gari jeupe lilisimama upande gani wa daraja?"
"Kulikuwa na gari, Daktari?"
"Usijilazimishe. Kushoto au kulia?"
"…Kushoto."
"Hongera sana. Unaona linavyorudi?"

Hakuna aliyeguswa, na uhalifu umeshatendeka mbele ya macho ya msomaji.

Ila silaha kubwa iko kwingine. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake kwenye Chuo Kikuu cha New York walionyesha kwamba kumbukumbu ya hofu ya panya, ikiamshwa, inalegea kwa muda na inabidi ihifadhiwe upya. Wakati huohuo wakichomwa dawa ya kuzuia kutengenezwa kwa protini mahali husika kwenye ubongo, hofu inapotea. Panya ambao hawakukumbushwa walibaki nayo.

Pachika hili mahali pamoja na ule mruko wa hatua ya 3, lisiwe mruko mwingine. Kliniki inamtaka Neema *akumbuke* kwa sababu kukumbuka ndiko kunakoifungua kumbukumbu ili ifutwe. Sindano ya "kutuliza" inachomwa kila baada ya kikao. Msomaji amekuwa akimshangilia sura saba nzima, kumbuka mama, kumbuka! Sura ya nane anajua kila aliposhangilia alikuwa akimsaidia mhalifu. Baada ya hapo taharuki inageuka: Neema lazima ajizuie kukumbuka jambo analolitamani kuliko yote, huku watu wapole wakimkumbusha.

Hatua ya 5: Jedwali

Safu tatu: kilichotokea kweli, anachokiamini Neema, anachokijua msomaji. Mstari mmoja kwa kila sura. Sura ambayo safu zote tatu zinafanana, ifute.

Hatua ya 6: Iache sarufi ifanye kazi

Hapa tunaoandika Kiswahili tuna utajiri tusioutumia. Kumbukumbu za kupandikizwa nazipitisha kwenye *-ka-*, zinateleza bila kukwama: *Mama akachota maji, akabandika jikoni, akaniita, nikaenda, akanipa uji, nikanywa, nikatoka uani.* Safi mno. Maisha ya mtoto hayakumbukwi hivyo. Za kweli zivunje vipande: *Mwani unaoanikwa, harufu yake. Mkono wa mtu, mkono tu, unanyoosha ukindu. "Bana hapo." Sauti ya nani?* Baada ya sura nne msomaji ataanza kunusa uongo kwa mdundo wa sentensi, na hatajua amejuaje.

*-me-* nayo ni ya hofu. *Dirisha limefungwa. Viatu vimehamishwa.* Jambo limekwisha fanyika, mfanyaji hayupo.

Na nafsi ya tatu: *Aliingia gizani, akanivua miwani, akaniita kwa jina ambalo halimo kwenye faili.* Mwanamume au mwanamke? Kwetu si lazima useme, na huo ni mtaji wa sura kumi. Sharti ni usianze kurudia "yule mtu, yule mtu". Msomaji atajua unaficha. Mpe jina la kitu alichovaa, songa mbele.

Kuhusu istilahi: taja *uhalisia pepe* mara moja, kisha sema *miwani* tu hadi mwisho. Wagonjwa wa kliniki wangesema hivyo.

Hatua ya 7: Pa kuweka "Itaendelea"

Usikatie kwenye mlango unaogongwa. Mlango ukifunguka ni nesi na chai, na msomaji aliyelipia sehemu ile anakudai. Katia kwenye neno linalobadilisha alichokwisha soma: Neema anamuuliza nesi jina lake, nesi anatabasamu kwa huzuni, "Leo ni mara ya nne unaniuliza, dada." Msomaji anarudi juu kutafuta hizo mara tatu. Hakikisha zipo.

Hatua ya 8: Mwisho

Usirudishe kila kitu. Kilichofutwa kwa njia uliyoieleza kimefutika, na ukikirudisha kwa machozi ya sura ya mwisho umevunja sheria zako mwenyewe. Anayestahili kurudi ni bibi wa ukili, na arudi kwa njia ya mikono: Neema anashuka kwenye boti Pemba, anakaa chini kwa wasukaji wasiomjua, anaanza kusuka, na mzee mmoja anaitambua ile namna ya kukunja ukingo.

Lakini kuna jambo waandishi wengi wataliruka. Miwani ilimpa pia mtoto, wa miaka mitano, kwenye ile nyumba ya Dodoma. Hajawahi kuwepo. Neema anajua hivyo, ameshajaribu kumchora njia ya kwenda kwake akashindwa, na bado anamlilia. Kliniki imefungwa, watu wamekamatwa, ila seva inawaka na yeye ndiye mwenye nywila. Aizime?

Andika majibu yote mawili, kila moja ukurasa mmoja, kabla hujaandika sura ya kwanza. Shika lile lililokutesa kuliandika. Mimi humwachia azime, na wasomaji wangu wananigombeza kwenye simu usiku wa manane. Ukishachagua, rudi kwenye jedwali ujaze mstari wa mwisho, ndipo uanze Sehemu ya 1.