Somo: Madumu, begi na mambo ya dharura kwa sisi wa Kigoma

Mvua za Novemba zikianza tu, simu yangu hainyamazi: "Mama, niweke nini tayari?" Nimejibu mpaka nimechoka. Leo naandika yote mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia hapa. Ni mambo ya nyumba ya kawaida, yenye watoto, mzee mmoja, na pesa ya kubangaiza.

Hatua ya 1. Kaeni kikao cha familia mjue nini kinaweza kuwapata pale mlipo. Wa Kibirizi na Katonga ana ziwa, wa bonde la Luiche ana mto, wa Kasulu ana radi, na sote tuna kipindupindu na moto.

Hatua ya 2. Begi moja la mgongoni, karibu na mlango, siyo juu ya kabati. Ndani: tochi, filimbi, kiberiti kwenye mfuko mkavu, kitochi chenye laini na chaja yake, noti ndogo ndogo (siku mtandao wa pesa umelala, noti ya elfu kumi haina chenji), kanga mbili, pedi, sabuni, kisu, neti, na dawa za mwenye sukari, presha au dawa za kila siku. Namba za ndugu ziandikwe kwenye karatasi. Simu ikizima, hakuna anayezikumbuka kichwani.

Hatua ya 3. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, kadi za kliniki, hati ya kiwanja: vikauke kabisa kwanza, kisha ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Piga picha kila kimoja, umtumie ndugu wa mbali.

Hatua ya 4. Maji. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Mtu mmoja anahitaji kama lita 4 kwa siku, za kunywa na kupikia kidogo. Watu watano kwa siku tatu ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Najua mtaniambia ziwa lipo pale mbele, maji yatatoka wapi tena kukosekana? Mkumbuke Kagunga, Mei 2015. Maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walirundikana kwenye ule mwambao mwembamba kati ya mlima na ziwa, wakanywa maji ya ziwa hilo hilo walilokuwa wanajisaidia kandokando yake, na kipindupindu kikalipuka. Maji yalikuwa mengi kupita kiasi. Yaliyokosekana ni maji salama.

Dumu lenyewe ndilo mtego. Kwetu Kigoma dumu la bei rahisi ni lililobeba mawese. Mara ya kwanza nyumbani kwangu tulisuuza kwa maji baridi, tukajaza, tukatia klorini, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji, tukafunga. Tulipofungua, maji yalinuka na utando wa njano unaelea juu. Mawese huganda kwenye pembe za ndani na kwenye mkono wa dumu ambako kidole hakifiki, na uchafu wowote wa namna hiyo unaila klorini kabla haijaua vijidudu. Yaani unaona umetia dawa, kumbe hakuna dawa. Osha kwa maji ya moto na sabuni mpaka yatoke meupe. Na dumu lililowahi kubeba petroli, rangi au dawa ya shamba halitumiki kwa maji ya kunywa hata ulioshe mwezi mzima. Usimpe na jirani.

Maji yakiwa na tope, yaache yatulie usiku kucha, mimina ya juu taratibu, chuja kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne. Ndipo uyatibu, kwa njia moja kati ya hizi. Kuchemsha: yakishatokota kwa mapovu makubwa, dakika moja inatosha kwa huku kwetu. Dakika tatu ni kwa wanaoishi juu ya mita 2,000, sisi mjini tuko kama 800 tu. Mnaoacha sufuria nusu saa mnachoma mkaa bure. Kidonge cha klorini: soma pakiti, kwa sababu vipo vya dumu la lita 20 na vipo vya kipimo kidogo, na vinafanana. Subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Jua: chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, maji meupe yasiyo na tope, ilaze juu ya bati saa sita za jua kali. Siku za mawingu iache siku mbili mfululizo.

Funika, weka kivulini, chota kwa kumimina na siyo kwa kutumbukiza kikombe. Yasipite miezi sita bila kubadilishwa. Ya zamani fulia nguo.

Hatua ya 5. Chakula kiwe kinacholika bila moto: karanga za kukaanga, dagaa waliokwisha kukaangwa, tende, biskuti. Unga una faida ukiwa na kuni kavu. Muhogo mchungu usitafunwe mbichi hata njaa ikiuma namna gani, una sumu. Asali ya Tabora inakaa miaka, ila mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe.

Hatua ya 6. Mwanga ni tochi au taa ya sola. Koroboi na chandarua havikai chumba kimoja. Jiko la mkaa halilali ndani na watu, hata kama mkaa "umeshashika" na hautoi moshi. Hewa yake inayoua haina harufu wala rangi.

Hatua ya 7. Kuharisha. Weka pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kumnywesha anayeharisha, na uangalie kama pakiti yako ni ya lita moja au nusu lita. Zikiisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, siyo vya kilima. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, kwa hiyo ukisahau umetia ngapi, mwaga uanze upya. Mchanganyiko hautumiki baada ya saa 24. Anayeharisha maji kama ya mchele anywe huku mnampeleka kituo cha afya, msisubiri apone nyumbani.

Hatua ya 8. Fanyeni zoezi usiku, taa zimezimwa. Viatu na tochi viwe chini ya kitanda cha kila mtu. Bonde letu la ufa halijalala: tarehe 5 Desemba 2005 lilipita tetemeko la ukubwa wa 6.8 hapa ziwani, na tulilisikia. Mkubaliane mahali pa kukutana nje, mwembe gani, kanisa gani, msikiti gani.

Namba: polisi 112, zimamoto 114, afya 199. Ziandikwe ukutani.

MASWALI

Mdau_Mwanga: Mama sijasoma yote ni refu, naomba orodha fupi ya vitu nikanunue sokoni leo.

Jibu: Orodha iko hatua ya 2. Usinunue dumu kabla hujasoma hatua ya 4.

Kijana wa Gungu: Mimi nimetia vidonge vitatu kwenye dumu moja ili yawe salama zaidi. Sawa?

Jibu: Si sawa. Pakiti imesema kimoja, weka kimoja. Hayo sugulia choo.

Kijana wa Gungu: Si dawa tu jamani.

Jibu: Ni dawa, ndiyo maana ina kipimo. Maji yakiwa makali watoto wanayakataa, wanakwenda kunywa ya bombani kwa jirani, na kazi yako yote imepotea.

Bint Kibirizi: Shikamoo Mama. Sisi maji ya ziwa yaliingia mpaka uani, na hayakutoka kwa miezi. Begi la siku tatu lingetusaidia nini?

Jibu: Marahaba mwanangu, hili ni swali zuri na nilipaswa kulieleza juu. Mafuriko ya mto na ya ziwa ni vitu viwili. Luiche likifurika linakuja kwa saa chache na kuondoka, hapo begi ndilo linaokoa. Tanganyika linapanda polepole kwa misimu, kwa sababu linapokea mito mingi na lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, kule upande wa Kongo. Likishapanda halishuki haraka. Kwa hiyo dharura yako inakupa muda, utumie. Kila wiki piga alama kwenye mti au nguzo pale maji yalipofikia. Maji yakisogea alama mbili mfululizo, hamisha vyeti, mashine, mbegu na magodoro kwa ndugu wa mlimani ukiwa bado unatembea pakavu. Na choo cha shimo kikishafikiwa na maji, hesabu kila kisima cha jirani kuwa kichafu, hata kama maji yanaonekana meupe.

Bint Kibirizi: Ahsante sana Mama. Alama naanza kesho.

Mwalimu_Kasulu: Kwetu mtu akipigwa na radi watu wanakataa kumgusa, wanasema bado ina moto ndani yake. Kweli?

Jibu: Si kweli, Mwalimu, na imani hiyo inaua. Mwili wa aliyepigwa na radi haubaki na umeme, mguse hapo hapo. Mara nyingi moyo au pumzi imesimama tu. Kama hapumui, anza kumkandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakati mwingine anatafuta gari. Kwa wanafunzi wako: kati ya mwanga na ngurumo wakihesabu chini ya sekunde 30, mpira uishe, wote ndani. Wasitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mwembe siyo kujikinga.

Mwalimu_Kasulu: Nitalisema paredi Jumatatu.

Mzee wa Uvinza: Hujataja nyoka. Na sisi tuna jiwe jeusi la babu, linanyonya sumu, watu wamepona wengi tu. Msidharau vya wazee.

Jibu: Siwadharau wazee, baba, nimelelewa nao. Lakini wengi waliopona waliumwa na nyoka asiye na sumu, au mwenye sumu aliyeuma bila kuimwaga. Jiwe limepewa sifa isiyo yake. Siku ya koboko saa moja ya kushikilia jiwe ndiyo saa ya kufika hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Vua pete na bangili, mguu ufungwe ubao usisogee, kama wa mfupa uliovunjika, abebwe, asitembee. Mafuriko huwaleta nyoka ndani, kwa hiyo kung'uta viatu kabla ya kuvaa.

Mzee wa Uvinza: Nimekusikia. Jiwe nitalibakiza kama kumbukumbu.

Msafiri wa Reli: Nyongeza kwa wanaopanda treni. Mvua zikikata njia kule Kilosa na Gulwe, unaweza kukaa Tabora bila kutegemea. Mimi sipandi bila lita tano za maji na karanga.

Jibu: Nyongeza nzuri. Ongeza na dawa zako za siku za ziada mkononi, siyo kwenye mzigo uliopelekwa behewa lingine.

Dada wa Ujiji: Mama, dumu langu la mawese nimeosha kwa maji ya moto mara tatu, harufu ipo pale pale.

Fundi wa Katubuka: Tia kokoto ndogo kiganja kimoja, majivu na maji ya moto nusu, tikisa kweli kweli, geuza lisimame kwa mdomo, tikisa tena. Kokoto zinakwangua pembe.

Jibu: Fundi yuko sahihi. Mdogo wangu, ukimaliza suuza majivu yote, kisha jaza maji ya moto na uyamimine kwenye beseni jeupe. Ukiona vijiduara vya mafuta vinaelea, rudia. Vikikataa kuisha hata baada ya kurudia, dumu hilo ni la kuogea, nunua jingine la kunywea.