Kunakili kompyuta yenye Windows na Linux kwenye diski ya nje

Kompyuta nyingi zenye mifumo miwili zinazoletwa kwenye meza yangu hapa Kisumu ni za wanafunzi, ambao hutumia Windows kwa kazi za chuo na Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, kwa kujifunza kuandika programu. Mwenye kompyuta huniambia kwamba alinakili faili zake za pande zote mbili, naye husema kweli, lakini diski ikishakufa hubaki na picha na insha zake bila kompyuta inayowaka. Mifumo yote miwili hutegemea patisheni (sehemu ya diski) ndogo ya kuwashia ambayo hakuna anayeikumbuka, na ndiyo maana mimi hunakili diski nzima.

Hatua ya kwanza hufanyika ndani ya Ubuntu. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE. Kwenye kompyuta iliyo mbele yangu sasa, diski iliyouzwa kuwa ya GB 512 inaonyeshwa kuwa 476.9G, na ndani yake mna patisheni ya 100M aina ya vfat, ambayo ndiyo ya kuwashia, nyingine ya 16M isiyo na aina, kisha ntfs ya Windows na ext4 ya Ubuntu. Andika majina na ukubwa wake kwenye karatasi, kwa sababu baadaye utatakiwa kuchagua diski kwa jina tu.

Hatua ya pili ni ya Windows, nayo ndiyo huwakwamisha wengi. Ukiizima kwa njia ya kawaida, Windows huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili iwake upesi, na patisheni iliyoachwa hivyo hukataa kunakiliwa. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika powercfg /h off, kisha manage-bde -status. Ukikuta BitLocker, yaani kufuli ya Windows inayoficha data ya diski, inafanya kazi, nakili kwa mkono ufunguo wake wa kurejesha wenye tarakimu 48, usiuache ndani ya kompyuta hiyohiyo. Ujue pia kwamba patisheni iliyofungwa kwa BitLocker hunakiliwa pamoja na nafasi yake tupu, hivyo diski ya nje iwe kubwa. Baada ya hapo zima kompyuta.

Tatu, kwenye kompyuta nyingine, tengeneza flashi ya Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, kwa kutumia Rufus, programu ya kuandalia flashi za kuwashia, uichomeke kwenye kompyuta unayoinakili, kisha uiwashe ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP.

Nne, chagua device-image, kisha local_dev, ndipo uchomeke diski ya nje. Usichague device-device hata kidogo, kwa kuwa huandika juu ya diski ya nje na kufuta kila kilichokuwamo, ilhali device-image huweka nakala ndani ya folda yake bila kugusa faili nyingine. Endelea na Beginner, kisha savedisk, na jina la nakala liwe na tarehe. Linganisha diski unayoichagua na karatasi yako kabla ya kubonyeza Enter. Programu ikiuliza kama ikague nakala baada ya kumaliza, kubali, ingawa utangoja zaidi.

Tumia tundu la USB 3.0 kama lipo. Kwa USB 2.0, ambayo kwa kawaida haipiti MB 40 kwa sekunde, GB 150 huchukua zaidi ya saa moja. Mimi huanza asubuhi, kwa maana radi za upande huu wa ziwa hupenda kuja jioni na umeme hukatika nazo. Mwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika) asijaribu kazi hii mawingu yakishatanda.

Siku ya kurejesha, hatua ni zilezile, ila utachagua restoredisk, na diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani hata kidogo. Kompyuta ikiingia Windows moja kwa moja bila kuonyesha orodha ya GRUB, ile ya kuchagua Ubuntu au Windows, usidhani Ubuntu imepotea: ingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile ya kompyuta yenyewe kabla mfumo haujawaka, utafute mpangilio wa kuwasha, na uiweke ubuntu juu ya Windows Boot Manager.